Msichana Aliyeomba Moto

Kitale,
21 Agosti 2005

Mpendwa dada Peris,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua na matope. Sisi ni wazima, ila Wahome ameshikwa na mafua na anaugua kwa sauti, utadhani ndiye mume wa kwanza duniani kupiga chafya. Je, wewe na watoto mnaendeleaje hapo Bungoma? Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini haya mambo nikianza kukueleza kwa simu, kadi itakwisha kabla sijafika Misikhu. Tena wewe hupenda kukatiza watu, na karatasi haikatizwi.

Naam, nilienda Misikhu. Jumamosi ya tarehe 13, ulipokuwa kwenye semina ya walimu, nilifunga duka la mbegu nikaenda kumwona Mama. Nataka uyasikie kwangu yaliyonipeleka, kabla yeye hajakusimulia na kuyatia chumvi.

Unajua kwamba ninaandika kitabu. Mwezi wa Aprili nilituma sura tano za kwanza kwa wachapishaji fulani Nairobi. Mhariri wao, Bwana Ngari, akajibu kwamba zimempendeza, ila anataka mpango wa hadithi nzima, sura kwa sura, hadi mwisho. Nikakuuliza, nawe ukawa mwalimu kwelikweli. Ukaniambia hakuna insha bila mpango, na kwamba anayeandika bila mpango ni sawa na fundi anayejenga bila kupima. Nikakutii. Nilichukua kalenda ya mwaka jana, nikaandika mpango mzima nyuma yake, kila sura na kazi yake, nikaibandika ukutani. Wahome alipoiona aliuliza mbolea ya kukuzia tutaiweka kwenye sura gani.

Peris, hadithi ilikufa. Ni ya msichana ambaye moto wa kwao umezimika, akatoka na kigae kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Katika mpango wangu aliolewa na mhunzi katika sura ya sita. Nilimfikisha mlangoni kwa huyo mhunzi mara nyingi, na kila mara alisimama pale kama ng'ombe aliyefikishwa kwenye josho la dawa ya kupe, hasogei mbele wala nyuma. Nilimsukuma kwa maneno mazuri mazuri, akakataa katakata. Mwishowe nilikasirika nikaibandua kalenda, na nakuomba radhi, tuliwashia jiko.

Nikaanza kuandika kama kipofu. Niliandika sentensi moja ili nijue inayofuata. Msichana akatoka kwa mhunzi, akaenda nyumba nyingine, na kila nyumba ikamtuma mbele. Niliogopa sana, maana mimi ni mtu wa kupima kila kitu kwenye mizani, lakini nikikaa chini mkono ulikuwa unajua njia. Siku moja msichana akafika kwa mwanamke aliyekuwa akipukusa mahindi. Mwanamke hakumpa kaa. Alimpa mahali pa kukaa. Msichana akainama, akapuliza moto wa pale pale, na hadithi ikaisha. Nilitafuta sentensi nyingine na haikuja, na sikujua ni kwa nini.

Nilipomtumia kurasa zote, Bwana Ngari hakufurahi. Aliniandikia kwamba kitabu ni kizuri lakini mwisho hauna maana. Msichana alitoka kutafuta moto, basi lazima aufikishe kwao. Nikibadilisha mwisho watachapisha. Nisipobadilisha, watanirudishia kurasa zangu. Alinipa hadi mwisho wa mwezi huu. Wewe unajua nimekitamani kitabu hicho tangu tukiwa wasichana. Nilikaa nikijiuliza kama mkono wangu ulijua njia kweli au ulipotea tu, na ndipo nikamkumbuka mwenye hadithi.

Maana bila shaka umekwisha kuitambua. Baada ya mama yangu mzazi kufariki, Baba alikuwa akinileta kwenu, kwa huyu Mama yetu, kutoka kijijini kwetu Kwanza kila likizo ya Agosti, kwa sababu yeye na baba yako walifanya kazi pamoja zamani. Tulikaa jikoni mvua ikipiga mabati, rundo la mahindi katikati, mimi nawe kwenye kigoda kimoja, vidole gumba vikiwaka na makapi yakitujaa puani. Na Mama na sheria yake: mikono ikisimama, hadithi inasimama. Nikisikia harufu ya magunzi yakiungua mpaka leo, huwa nageuka kukutafuta. Msichana alikwenda kwa mzee wa fahali mmoja, akaenda kwa bibi anayecheka usingizini, akaenda na akaenda. Wewe ulipiga kelele ukiuliza atarudi kwao lini, na Mama akijibu kwamba mahindi bado. Tuliamini anairefusha ili tusiikimbie kazi. Na kila Agosti Baba alikuja kunichukua kabla mwisho haujafika.

Basi nilimkuta Mama barazani na ungo mapajani. Macho yamepungua, lakini ulimi haujapungua hata kidogo. Alinigombeza kwa kukonda, akanipa sahani ya mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, inayotosha wachimba mtaro, na nilipomaliza nikamwuliza yule msichana alifika wapi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ati mwisho? Sasa mwisho nitatoa wapi, bana?" Akaniambia hakuwahi kujua msichana anakwenda wapi, hata siku ile alipoianza. Alikuwa anatuangalia sisi tu.

Kisha akaacha kucheka. Aliniambia kwamba wewe, Peris, ulitaka msichana arudi kwao, naye Mama alijaribu kumrudisha, si mara moja. Lakini kila alipomfikisha kwenye lango la kwao, mikono yangu ilisimama juu ya hindi. Mimi sikujua, yeye aliona. Kwetu, tangu mama afariki, hapakuwa na mtu jikoni wa kupelekewa moto. Kwa hiyo akamtafutia msichana nyumba nyingine, na nyingine tena. Miaka ile yote, alisema, alikuwa anasimulia akitazama mikono yangu.

Nililia, dada. Nililia mbele ya kuku na watoto wa jirani, na sikuona haya. Nilikuwa bado sijamwambia kitabu changu kimeishia wapi. Nilipoweza kusema nikamwambia. Akauliza kama yule mwanamke wa mahindi alimwuliza msichana ataondoka lini. Nikamwambia hapana, hakuuliza. Mama akauchukua ungo wake. "Basi imeisha," akasema, akaendelea kupepeta.

Jumatatu nilimwandikia Bwana Ngari kwamba mwisho haubadiliki. Barua imekwenda na siwezi kuirudisha. Huenda kurasa zangu zikarudi, na naogopa, sitakudanganya. Kila mwenye pikipiki akipunguza mwendo karibu na duka, natoka nje kuangalia kama amezileta.

Lakini kuna jambo ambalo hata Mama sikumwambia, na nimeliweka mwisho kwa kuwa ni lako. Katika nyumba ile ya mwisho kuna mtoto wa yule mwanamke wa mahindi, na kigoda ni kimoja. Siku ya kwanza kabisa Baba aliponileta, nilisimama mlangoni mwa jiko lenu na mfuko wangu, sijui niingie au nirudi. Mama alikuwa amegeuka anakoleza moto. Ni wewe uliyeniona. Ulisogea kwenye kigoda ukaacha nafasi upande mmoja, ukaendelea kupukusa. Hakuna aliyekutuma. Hukuwa na mpango wowote, mwalimu.

Nisalimie watoto, na ukienda Misikhu umwambie Mama mushenye wake bado umenikaa tumboni. Wahome anakusalimu kati ya chafya. Mungu awalinde nyote hadi tuonane.

Ni mimi dada yako wa upande mmoja wa kigoda,

Gladwell Wacuka Nderitu