Gauni la Mwenzetu Kwenye Tovuti Yetu

Shoga, nimechefuka mpaka mate hayamezeki.

Unaijua ile tovuti shemeji aliyomtengenezea shangazi, ya duka letu la kushona? Leo kaingia mama mmoja, kanyoosha simu yenye picha ya tovuti hiyo. "Hili gauni kashona nani?"

Shangazi mbio mbio: "Sisi hapa!"

Sisi hapa!! Shoga!

Mama akasema taratibu, "Nimelishona mimi. Aliyelivaa ni binti yangu."

Shemeji, naye yupo hapo dukani, hata haya hana. "Mama, tovuti nzuri ni picha nzuri. Magauni yetu hayang'ai."

Hayang'ai! Nayashona mimi, shoga! Nilimwonea kinyaa.

Yule mama akachukua gauni langu ukutani, akaligeuza, akakagua mishono ya ndani.

"La nani hili?"

"Langu."

"Kazi safi hivi wameificha? Basi wamekuibia na wewe."