Nilikata Kurasa Tisa za Reli ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo kwa nia njema na sasa limenigeukia.

Mume wangu ni dereva mstaafu wa treni ya mizigo, miaka thelathini na mmoja kwenye reli iliyonyooka kama rula, na tangu astaafu alikaa miezi minane bila kusema lolote zaidi ya "chumvi iko wapi", hadi binti yetu alipomwekea kwenye kompyuta mchezo wa kuendesha treni, basi mzee akafufuka, anavaa shati la kazini kabisa ndipo akae, na mimi nikipita na ufagio naambiwa nisubiri abiria washuke. Sasa watengenezaji wa mchezo wakawataka wachezaji wapendekeze njia mpya, naye akachagua reli ya Italia, ile inayotoka Cuneo, ikapanda milimani, ikateremka hadi Ventimiglia baharini kwa mahandaki na madaraja, akaandika kwa mkono kurasa kumi na moja, akanipa nichape kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nachapa barua katika ofisi ya wakili.

Mshauri, kurasa mbili zilikuwa za milima na bahari. Tisa zilikuwa za kusubiri. Kusubiri stesheni hadi treni inayotoka upande wa pili ipite kwa sababu reli ni moja, dereva asikilize nini, atazame dirisha gani. Nikaona watamcheka. Nikazikata zote tisa, nikaongeza "machweo ya dhahabu" kwa ubunifu wangu, nikatuma.

Pendekezo limeingia tatu bora, na Jumamosi watampigia simu ya video wamhoji. Anamwambia kinyozi, anamwambia wifi yangu, "Wamependa ile sehemu ya kusubiri. Nilijua tu." Jana kaniuliza, "Mama, wewe uliionaje?" Nikajibu, "Nzuri sana." Kumbe niliipitia juujuu tu. Nimwambie, au niwaandikie hao watu kwa siri wasimuulize mengi?

Nachapa Nafuta

Nachapa Nafuta, pole, na ukome.

Umeishi miezi minane na mtu asiyesema. Siku aliposema, alisema kurasa tisa, nawe ukamnyamazisha kwa mkasi. Sijaziona, lakini mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja akingoja taa ibadilike ana habari zake, na sidhani alikuwa akiwaandikia watengenezaji peke yao. Zitoe leo ulikoziweka, uzisome neno kwa neno.

Usimwandikie mtu kwa siri. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi. Ngoja asimamishe treni, maana dereva aliye mwendoni haongeleshwi, umwambie: "Nilizikata. Niliogopa watakucheka." Usilie. Usimwite binti akutetee. Atanuna, mwache anune, ana haki.

Akimaliza, zichape zote bila kugusa hata koma, umuulize kama anataka zitumwe. Akikataa, basi, atawasimulia mwenyewe kwa mdomo wake. Na wakichagua njia ya mtu mwingine, dunia haitaisha.

Jumamosi vuta kiti ukae pembeni yake. Akikosea jina la stesheni, usimsahihishe.