Jina la Shemeji Harlan kwenye Daftari la Kura

Bonde la Wakarusa, Kansas
Ijumaa, 2 Mei 1856

Kwako Dada Delphia,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama mlangoni kama kawaida yako ya kusoma barua kabla mleta barua hajageuza farasi. Mimi mzima, na nimeota masharubu ambayo ukiyaona utaacha kuniita mtoto. Mumeo Harlan anasema ni masizi, lakini huyo ana wivu. Wewe je, hujambo? Kikohozi cha mtoto kimeisha? Baba bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mwambie yule mwalimu aliyesema sitaandika barua ya maana maishani mwangu ajiandae, hii ni ndefu.

Ulimwuliza Harlan kama nyumba iko tayari, ili upande stima ya mtoni na mtoto mwezi ujao. Alikujibu iko tayari, na si uongo. Ina paa, ina sakafu ya mbao, ina dirisha la kioo nililolibeba mgongoni maili kumi na mbili bila kulivunja, na sijasikia mwanamume mwingine wa bonde hili aliyefanya hivyo. Mengine hakukuandikia kwa sababu hataki uogope. Mimi nataka uogope kidogo, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Huku hatulimi tena wote wawili. Harlan akishika plau, mimi nakaa mwisho wa shamba na bunduki. Nikishika mimi, anakaa yeye. Wapanda farasi wa Missouri, jimbo la jirani, wanakuja hadi ng'ambo ya kijito mchana kweupe, wanasimama bila kusema neno, wanatutazama, wanaondoka. Juzi walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alinivulia kofia kwa adabu sana, na tangu hapo nalala na buti miguuni.

Wanataka Kansas iwe nchi ya watumwa kama kwao, sisi wa bonde hili hatutaki. Mwaka jana walivuka mpaka kwa siku moja, wakachagua baraza la sheria, wakarudi makwao. Baraza lao likatunga sheria kwamba ukisema hadharani kuwa mtu hana haki ya kumiliki mtu hapa, ni kifungo. Ukimtorosha mtumwa, ni kitanzi. Harlan alilisema hilo la kwanza kinuni, mbele ya watu, akingoja unga wake. Nikamwambia shemeji, funga mdomo, unga utaingia. Akacheka peke yake.

Basi utadhani tunaowaogopa ni wale wa ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa hadi juma lililopita. Sasa tunawaogopa majirani.

Jirani yetu Orrin Thaxter, mtu wa Massachusetts, huyo anayesali mpaka chakula kinapoa, ndiye kapteni wa ulinzi wa bonde. Mwezi wa pili watu wa Missouri walikwenda moja kwa moja kwenye zizi lake, wakafukua sakafu, wakatoa bunduki zetu zilizofichwa chini ya majani makavu, wakalichoma zizi. Hawakutafuta mahali pengine popote. Kila mtu anajua kuna aliyewaelekeza, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa jicho la pembeni.

Sasa Bunge la Washington limetuma watu wachunguze ule uchaguzi. Wamekaa mjini Lawrence na daftari lenyewe la kura, wanasoma jina moja moja na kuuliza huyu ni mkazi au ni mgeni. Thaxter na wenzake walikwenda kusikiliza. Kesho yake Thaxter akaja hapa na watu sita. Akakataa kahawa, na Dada, Thaxter hajawahi kukataa kitu cha bure. Akamwuliza Harlan kama siku ile ya uchaguzi alipiga kura. Harlan akasema aah, bwana, unajua nilikuwa kitandani natetemeka kwa homa, mkeo ndiye aliyeniletea supu. Thaxter akasema basi ni ajabu, maana jina la Harlan Pruitt limesomwa kutoka kwenye daftari, na katika sanduku lile haikuonekana kura hata moja ya upande wetu. Sisi wote tulifukuzwa kwa mitutu ya bunduki, akasema, wewe ulipitaje?

Harlan akacheka, akidhani ni utani. Mmoja wao akamwuliza amelipwa nini na watu wa Missouri, au ni mapenzi tu. Mwingine akasema mtu wa namna hii hahojiwi, anatafutiwa tawi la mti. Thaxter akawanyamazisha. Akasema Harlan afike kwake Jumamosi saa nane mchana ajibu mbele ya watu wote, na asipofika, kutofika kwake ndilo jibu. Mama Mehitabel Thaxter, aliyenishonea shati hili nililovaa, jana alinipita njiani kana kwamba mimi ni nguzo ya uzio. Harlan anasema atakwenda bila bunduki, kwa kuwa hana kosa. Anaamini karani alikosea.

Karani hakukosea.

Dada, nimezunguka kurasa mbili nikitafuta pa kuliweka jambo hili, basi naliweka hapa. Asubuhi ya uchaguzi Harlan alinituma nikaangalie tu hali ya njia. Nilikuta uwanja wa kupigia kura umejaa mahema, magari ya farasi na pipa la wiski. Watu wa Missouri walikuwa wamefunga uzi wa katani kwenye tundu la kifungo ili wajuane. Mwenye uzi anapishwa. Asiye nao ananyanyuliwa juu ya vichwa vya watu na kutupwa nje. Nikaona hawa mabwege, alama yao inatoka kwenye kamba yoyote ile. Nikachomoa uzi kwenye kamba ya farasi, nikaufunga. Kwenye buti nilikuwa na karatasi ya kura yenye majina ya wagombea wetu. Nia yangu ilikuwa niitumbukize sandukuni mbele ya pua zao, nirudi nijisifu mpaka nizeeke.

Wakanipisha kweli. Wakanipigapiga mgongoni, wakaniita kijana safi. Kwenye dirisha la kupigia kura wakauliza jina na shamba langu. Sikuwa na shamba, wala miaka ishirini na moja ya kuruhusiwa kupiga kura. Nikataja jina la Harlan na mipaka ya shamba lake mpaka ule mwaloni wenye alama, na karani akaandika. Ndipo nikaona aliyesimama karibu na sanduku, mwenye bastola, anafungua kila karatasi kabla haijaingia. Akaninyooshea ya kwao. Hakunitisha, alitabasamu tu. Nikaichukua, nikaitumbukiza. Kisha nikala nyama yao na mkate wao wa mahindi, ili wasinishuku. Nyumbani nikamwambia Harlan dirisha halikufikika.

Bunduki za Thaxter sikumtajia mtu yeyote, naapa kwa kaburi la Mama. Lakini kura niliipiga, na mwezi uliopita nilimwona mtumwa mtoro, mwanamume mweusi, rika la Harlan, amefungwa nyuma ya gari akirudishwa Missouri kwa miguu. Harlan alimtazama mpaka wakapotea. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Harlan hajui lolote kati ya haya. Sasa hivi yuko nje anapasua mbao za uzio na kupiga mluzi. Nitaituma barua hii kwanza, nisije nikaichana, kisha nitatoka nimwambie. Akinipiga, ni haki yake. Kesho nitasimama mimi mbele ya Thaxter kabla yeye hajafungua mdomo. Kinachoninyima usingizi si kamba ya kunyongwa, Dada. Ni kwamba bonde zima linanijua kwa majigambo, na huenda wakasema shemeji mtu amenifundisha la kusema. Nimetamba hapa miaka miwili nikasadikiwa nusu nusu, na sasa nina neno moja la kweli na sijui kama litanunuliwa.

Kwa hiyo usipande stima. Ngoja barua. Ikija kwa mwandiko wa Harlan, funga mizigo uje, hata kama ndani yake ananitukana. Ikija kwa mwandiko wa mtu mwingine, hata wangu, baki kwa Baba.

Mbusu mtoto. Msalimie Baba, lakini barua hii usimsomee. Wasalimie na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Mimi ndugu yako,
Jubal Teague