Swali Ambalo Sikuliandika

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mwembesongo tu wazima, bibi yako anakusalimu. Umeuliza utafiti wako wa ugonjwa wa mkanda wa jeshi uanzie wapi. Swali hilo limenipandisha hasira ya zamani.

Nilikuwa karani kijana wa kliniki, miaka ile ya watu kupunguzwa kazini. Akaja mama muuza mboga kutoka milimani, malengelenge yamemzunguka ubavu.

“Daktari anasema ni tetekuwanga ya utotoni imeamka,” aliniambia. “Mbona dada yangu, tuliyeugua naye, hana kitu? Sokoni wanasema nina UKIMWI, hawanunui. Nirudi niwaambie nini? Andika hilo, mwanangu.”

Mkuu wangu akacheka. “Karani, fomu inataka jina, umri na dawa. Soga kapigie nyumbani!”

Nikaogopa kufukuzwa, nikaweka kalamu chini. Mama akaondoka bila jibu, na sokoni hakuonekana tena. Yule mkuu sijamsamehe. Mimi mwenyewe pia sijajisamehe.

Anzia hapo: kwa nini virusi vya tetekuwanga viamke kwa mmoja na kulala kwa mwingine? Wakubwa wakisema fomu haina nafasi, chora mstari wako, uandike wakikutazama.

Babu yako, anayekuombea ujasiri alioukosa.