Nyumba ya Mama Imepata Wageni

Jumatatu, 22 Mei

Leo tumemaliza kuhamisha vitu vya Mama. Mimi na kaka yangu Fulvio, tangu asubuhi, juu na chini ngazi zilezile zilizomvunja nyonga majira ya baridi. Nguo zake kwenye magunia. Picha ya Baba imeviringishwa kwenye blanketi, iko kwenye buti la gari. Cherehani imebaki – mpiga picha aliyeletwa na Fulvio, wa tangazo la kupangisha nyumba kwa watalii, anasema wageni wanapenda vitu vya zamani. Akaweka bakuli la malimau juu yake! Maisha yake yote Mama hajaweka malimau juu ya cherehani.

Sasa anakaa kwangu, huku bondeni karibu na stesheni. Anajua ni mpaka nyonga ipone. Fulvio ndiye aliyemwambia hivyo. Mimi nilikuwepo. Nilijua si kweli, nikaendelea kukunja nguo zake.

Jumanne, 30 Mei

Wageni wa kwanza, kutoka Denmark. Wadenishi. Mama kakaa dirishani kutwa, anaangalia jabali na mji wa Orvieto juu yake, ilipo nyumba yake. Kauliza mara moja tu: nani kalala kitandani kwangu? Nikasema ni watu wazuri, Mama, wasafi.

"Sijauliza usafi wao."

Hakula.

Jumamosi, 3 Juni

Nimerudi sokoni – Mama hayupo! Fimbo haipo. Nikampigia Bi Iole, jirani wa mlango wa pili kule juu. Kicheko kibaya. Unamtafuta wapi, yuko kwake, wewe ndiye uliyehama.

Kapanda treni ya kamba inayovutwa mpaka juu ya jabali, katembea mpaka mtaani, kapanda ngazi zote na nyonga ile. Kafungua kwa ufunguo wake, hatukukumbuka kumnyang'anya. Nilimkuta jikoni, aproni kiunoni, anamenya maharage mabichi, Wadenishi wamemzunguka wanampiga picha. Walidhani ni sehemu ya huduma!

Kushuka aliegemea bega langu kila ngazi. Mguu anauburuta.

Jumapili, 4 Juni

Fulvio kaja mbio. Nilidhani kakasirika. Wapi! Wageni wameandika mtandaoni kwamba nyumba ina bibi halisi, wamempa nyota zote. Sasa anataka Mama awe anapanda mara kwa mara, apike kidogo, awaonyeshe kukanda tambi. Atampeleka kwa gari, atampandisha ngazi mwenyewe.

"Fulvio, huyu ni mama yako, si pambo."

"Si anataka jikoni kwake? Basi nampa jiko lake. Wewe unampa nini? Dirisha?"

Mama alikuwa anasikia yote. Akasema, nitakwenda.

Jumatano, 7 Juni

Wajerumani. Mimi ndiye mkalimani. Mama anakanda, hamtazami mtu. Mwanamke mmoja, mpole kweli, akauliza: na familia iliyokuwa inaishi hapa, ilikwenda wapi?

Nikampa Mama swali. Akapangusa unga mikononi, taratibu.

"Mwambie wamekufa."

"Mama..."

"Wote. Mwambie."

Nikatafsiri. Mungu nisamehe, nikatafsiri neno kwa neno. Yule mwanamke akanishika mkono, akanipa pole.

Jumamosi, 10 Juni

Naandika nimekaa ngazini, nje ya mlango wa Mama. Mikono inataka kitu cha kufanya.

Kesho ni maandamano ya Ekaristi, sikukuu kubwa ya kanisa. Mji umefurika, hakuna chumba popote. Wajerumani waliondoka asubuhi, wapya wanaingia mchana. Fulvio alimpandisha Mama mapema ili apike, kisha akashuka kuegesha gari vizuri. Mama kafunga mlango, kaacha ufunguo tunduni kwa ndani. Wa kwangu hauingii.

"Mama, fungua."

"Nimechoka kuwa mgeni."

Basi. Hilo tu.

Fulvio kaanza kwa utani – Mama, nitakuitia polisi wakuchukue na aproni yako! Kisha kabembeleza. Kisha ngumi mlangoni. Bi Iole katoa kiti chake, kakaa kama yuko sinema.

"Piga tu, Fulvio. Marehemu baba yako hakuutengeneza mlango huo kwa mbao za maboksi."

Wageni wamefika. Mume, mke, kichanga. Wako chini uani na masanduku yao, mtoto analia. Nao nawaonea huruma! Wamekosa nini?

Fundi wa kufuli aliyeitwa na Fulvio alikuja. Akapiga magoti, akatoa mashine ya kutoboa, akasita. Mbona nasikia mtu ndani? Mwenye nyumba nani?

"Sisi," akasema Fulvio.

"Mimi," akasema Mama, ndani.

Fundi akainuka, akapangusa magoti. Hatoboi mlango wa mama wa watu, akasema, mpaka watoto wote wawili wamwambie atoboe. Wewe bwana nimekusikia. Akanigeukia.

"Na wewe, dada?"

Nikautazama mlango. Akasema anakwenda kunywa kahawa, akirudi nimwambie.

Fulvio akaninong'oneza kabla hajashuka kwa wageni: ukimwacha humo, nani atampandishia chakula? Wewe, na kazi yako? Siku akianguka tena nani atamsikia – Iole? Ana akili Fulvio. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hadanganyi. Mguu ule nauona mimi kila asubuhi akiinuka kitandani.

Lakini nikisema toboa, sitaweza tena kumtazama usoni.

Vitunguu vinakaangwa. Harufu imejaa ngazi nzima.

"Ornella." Sauti yake ya kila siku, nyuma ya mlango. "Umekula?"

"Bado, Mama."

Nasikia sahani ikiwekwa mezani. Halafu nyingine. Ufunguo haujazunguka.

Chini mlango wa uani umelia. Fundi anapanda kuchukua jibu langu.