Jibu la Kabla ya Chai

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ipole, mkoani Tabora, nikiwa na mdomo uliovimba na furaha isiyoenea kwenye kadi. Mkwe wako Elisha alinileta huku fungate bila kuniambia sababu. Jana waumini wachache wasio na mchungaji, wanaosali ndani ya bani la kukaushia tumbaku, walitulisha ugali, kuku wa karanga na asali mbichi inayonukia maua. Mwenyeji wetu, Mama Nyamizi, akauliza, "Mwanangu, mtarudi lini?" Nikajikuta namjibu, "Tutarudi kukaa."

Elisha akaweka kikombe chini. Kumbe tangu tuchumbiane ana maono ya kuwachunga watu hawa, ila hakujua kama ni ya Mungu au ni yake mwenyewe, akamwomba Mungu niseme mimi kwanza, iwe ishara. Hata hivyo hakushangilia. "Labda ni asali inayosema, mpenzi," alinitania. "Nitakuuliza tena kesho, kabla hujala."

Usiku paa likavuja, godoro likalowa. Asubuhi nyuki akaniuma mdomo. Elisha akaniuliza nikiwa na njaa na uso kama andazi. Nikasema, "Bado nataka, tena kuliko jana." Hapo ndipo mume wangu, mzuri yule, alipolia.

Mama, najua umeshatutafutia chumba karibu nawe. Tubariki tu. Mungu akutunze, nakupenda mno. Lile kabati la harusi usilifungue kamba. Litapanda treni kuja Tabora.

Mwanao,
Rehema