Mutoto Munene wa Kwenye Kopo

Mujukuu wangu Zaina,

Hapa Alunguli tuko wazima, baba yako anakusalimu. Unauliza kama ile poda ya kopo ulinunua, yenye wameandika "inaponyesha magonjwa yote" iko ya kweli.

Wakati wa vita, baba yako angali mutoto, nilimununulia kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mutoto munene. Kufungua, nikakuta unga wa muhogo. Na mimi kila siku nilikuwa napima muchele sokoni na kopo tupu la namna ile! Picha ilinisahaulisha kwamba kopo tupu, kila mutu anaweza kulijaza tena.

Wewe unajua kusoma. Angalia kama kopo halijafunguliwa, kisha uligeuze, tafuta wapi wameandika vitu viko ndani. Kama walilifungua ama hawakuandika, rudisha. Yule mutoto wa kwenye picha hakuonja ule unga hata siku moja.

Koko wako